Taa ya Kushoto

Jumamosi, 8 Machi 2008

Sijamwambia mtu yeyote jambo hili. Si Mama, si mchungaji, si hata Faith ambaye tulikaa dawati moja miaka minne. Ninaliandika hapa, kwenye daftari la Historia lililobaki nusu tupu, kwa sababu mtu akinitazama usoni maneno huniishia.

Baba ndiye aliyemuua Murunga. Nilikuwa ndani ya lori.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe tatu Januari, wiki ya vurugu za baada ya uchaguzi. Asubuhi hiyo Baba alikuwa amefanya jambo jema kuliko yote niliyowahi kumwona akifanya. Majirani zetu hapa mtaa wa Pioneer waliokuwa wakitafutwa wauawe, watu kumi na wanne, aliwalaza nyuma ya lori letu, akawafunika kwa turubai na magunia matupu ya mahindi, akawapeleka kambini kwenye uwanja wa maonyesho. Mimi nilikaa mbele nimempakata mtoto wao mchanga, ili tukisimamishwa aonekane ni wa kwetu. Kwenye kila kizuizi vijana walichomeka tawi bichi mbele ya lori, ishara kwamba gari ni la wenyeji. Baba aliwasalimu kwa lugha yetu, akacheka nao, huku jasho likimtiririka shingoni. Tulipita vizuizi vinne. Wote walifika salama.

Wakati wa kurudi alisema mikono inamtetemeka. Akasimama kwa mama mmoja anayepika chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, nyuma ya nyumba yake, akaniambia nimngojee garini. Alikaa huko saa mbili. Alipotoka alisema, "Nipe maziwa."

Nyumbani kwetu tunaamini kwamba mursik, yale maziwa ya kuganda tunayotunza kwenye kibuyu, huilaza pombe tumboni. Mwanamume akinywa mursik baada ya pombe, anaweza kuendesha gari. Babu aliamini hivyo, Mama anaamini hivyo, nami niliamini. Mama alikuwa amenipa kibuyu nikibebe. Nilipangusa mdomo wa kibuyu kwa leso yangu, nikampa. Alikunywa, akafuta masharubu, akasema, "Nimekunywa maziwa, hakuna shida. Na hii gari inajua njia yenyewe."

Saa kumi jioni, jua likiwaka. Murunga alikuwa mbele yetu upande wa kushoto, kwenye baiskeli yake, na mitungi yake miwili ya maziwa. Alikuwa akituuzia maziwa tangu nikiwa darasa la tatu. Lori lilianza kuegemea upande wake polepole, kama linavutwa kwa kamba. Nilimwona vizuri. Nilikuwa na muda wa kusema "Baba" na sikusema.

Baba alisimama mbele kidogo. Aliangalia kwenye kioo. Mimi niligeuka. Murunga alikuwa amelala kando ya barabara, maziwa yakitiririka kwenye udongo mwekundu wa murram, na aliinua mkono. Mkono wa kulia, juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu.

Baba akaingiza gia tukaondoka.

Tulipopita kizuizi cha mwisho, kile cha kina Kiprotich, kijana wa mtaani kwetu, alisema bila kuniangalia, "Wewe ulikuwa umelala, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Walimkuta jioni amekufa. Kizuizi kilikuwa hatua mia mbili tu kutoka hapo. Wiki ile hakuna aliyeuliza mtu aliyekutwa kando ya barabara ameuawa na nini. Jibu lilikuwa moja kwa wote.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Baba ameomba kwa sauti, akiwaombea wenye mioyo migumu. Harufu ya peremende anayotafuna kuficha pombe imefika hadi kiti chetu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Watu wametoka nje kuisikiliza kwenye mabati kana kwamba hawajawahi kuiona.

Kiprotich amekamatwa. Polisi walikuja na mke wa Murunga, Mama Tryphosa, ambaye tangu Januari anaishi kambini. Alisimama kando ya Land Rover akanyoosha kidole: "Ni huyu." Alisema kwamba asubuhi ya siku ile Kiprotich alimsimamisha mume wake kizuizini, akamnyang'anya maziwa ya mtungi mmoja, akamwambia jioni watamalizana.

Hilo ni kweli, watu walisikia. Kiprotich si mtu mzuri. Alirusha mawe, alisimamisha magari na rungu mkononi, na tangu tukiwa shule ya msingi ananiita Sista Kimya na kuwachekesha wenzake. Mama yake alilia akivuta mlango wa gari la polisi. Kiprotich mwenyewe alikuwa anasema tu, "Maziwa nilichukua. Mzee sikumgusa. Maziwa nilichukua."

Baba alikuwa langoni. Alitikisa kichwa akamwambia jirani, "Vijana wa siku hizi wametuharibia jina."



Jumamosi, 22 Machi

Tumeenda Soy kupanda. Shamba letu liko huko, ekari tatu. Mwaka huu watu wengi wamechelewa, mbolea imeadimika, na mashamba ya waliokimbia yamelala tu, mabua ya mwaka jana bado yamesimama.

Mwenye trekta alikuja na galoni la busaa, pombe ya nafaka, kwa kuwa siku ya kupanda haianzi hivi hivi. Saa saba wanaume wote walikuwa chini ya lori letu wamejificha jua. Walikuwa wanasimulia jinsi walivyowahi kuendesha wakiwa wamelewa. Mmoja alitoka Kitale hadi nyumbani bila kukumbuka hata kona moja. Mwingine aliamka asubuhi akakuta gari limeegeshwa vizuri ndani ya boma la ng'ombe, na ng'ombe wako nje. Walicheka hadi wakakohoa. Baba naye alicheka.

"Ya kwangu inajua njia," alisema. "Mimi nashika usukani kwa heshima tu."

Mama alimletea kibuyu kabla hatujaondoka. Nilimtazama akikitikisa, akikimimina, akingoja amalize kama muuguzi anayengoja mgonjwa ameze dawa. Kisha tukapanda, mimi, Mama, na wanawake watano wa kupanda huko nyuma. Nilihesabu watu wote waliokuwa wanatembea upande wa kushoto kutoka Soy hadi mjini. Niliposhuka taya zilikuwa zinauma.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Nimefua shati la Baba. Hata baada ya sabuni mara mbili, kwapa linanuka chang'aa. Inatoka ndani yake.

Jumamosi, 19 Aprili

Mama alinituma kwa Omar kununua balbu ya jikoni. Omar ana duka la vifaa vya magari na vitu vya umeme, ni mtu wa Garissa asili yake, na alifungua duka lake siku zote zile za Januari isipokuwa mbili. Mke wake, Rukia, alikuwa amekaa kwenye kreti akipanga skrubu kwenye mikebe.

Nilipokuwa nangoja, macho yangu yaliangukia rafu ya juu. Kulikuwa na taa moja ya lori kama letu, ya kulia, peke yake.

Omar aliona ninachotazama.

"Hiyo ilikuja pea," alisema. "Ya kushoto ilinunuliwa na Mzee wako. Tarehe nne Januari, saa moja asubuhi, kabla sijafungua vizuri. Nilimwambia, Mzee Kipkirui, leo watu wanatafuta unga na wewe unatafuta taa?"

Rukia aliacha kupanga skrubu.

"Alisema aligonga ng'ombe," Omar aliendelea. "Nikamwambia pole kwa ng'ombe. Siku hiyo ng'ombe hawakuwa barabarani, binti. Hata mbwa hawakuwa."

 Niliinamisha kichwa nikaikazia macho balbu.

"Omar, mwache mtoto wa watu," Rukia alisema.

"Mimi simuulizi kitu. Mimi ni mtu wa kuuza. Lakini nikiulizwa na afisa nilimuuzia nani nini, nitasema. Mpaka leo hajaniuliza mtu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimesahau chenji na sikurudi kuichukua. Kumbe kuna mtu mwingine anayejua. Nilidhani nitafarijika. Nimechukia tu zaidi, kwa sababu sasa tuko wawili tunaonyamaza, na mmoja wetu ni mtu mzima mwenye ndevu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mahindi yameota. Hakuna jingine.

Jumapili, 11 Mei

Serikali imeanza kuwarudisha watu makwao kutoka kambini, na kata yetu ina kamati ya amani. Baba ni mwanakamati. Leo baada ya ibada walimsimamisha mbele. Mmoja wa wale kumi na wanne, Mama Muthoni, mwenye yule mtoto niliyempakata, alitoka kambini kuja kusema asante. Alimshika Baba mikono yote miwili, akalia, na kanisa zima likalia. Mtoto amenona. Ana meno mawili.

Hilo ndilo linalonichanganya. Asante yake ni ya haki. Baba aliwaokoa kweli, na angeuawa kama turubai lingefunuliwa. Nilikuwepo, niliiona shingo yake. Lakini aliposema kwenye kipaza sauti, "Nilifanya lile ambalo Mkristo yeyote angefanya," nilihisi kinyaa kikinipanda kama maji machafu kwenye shimo la choo siku ya mvua.

Jioni wanaume wa kamati walimpeleka kumshukuru. Walimshukuru kwa glasi sita au saba. Wakamrudisha kwenye usukani wakampigia makofi.

Jumanne, 20 Mei

Kupalilia Soy. Matope. Kiprotich bado rumande. Mama yake amekonda, anauza sukuma wiki bila kuita wateja.

Jumamosi, 7 Juni

Leo nataka kuandika kila kitu kama kilivyokuwa, bila kukipunguza.

Baba alinichukua twende kuleta mbolea ya kunyunyizia. Aliponifungulia mlango nilisikia harufu, nami nikakaa tu, kwa sababu ndiyo tabia yangu, kukaa. Kati ya viti kulikuwa na kibuyu cha Mama. Nilifikiri ni mursik. Alikunywa njiani mara tatu. Mara ya tatu alinipa nikishike ili abadilishe gia, na mvuke uliotoka kwenye mdomo wa kibuyu uliniunguza macho. Alikuwa amemwaga maziwa, akajaza chang'aa. Ndani ya kibuyu kile ambacho Mama hukifukiza kwa mkaa wa mti wa senetwet na kukisugua kwa mkono wake.

"Baba, hii si maziwa."

"Nyamaza. Maziwa yalikuwemo, ladha imebaki. Ni kitu kimoja."

Karibu na shule ya msingi watoto walikuwa wanatoka kwenye mazoezi ya riadha, wamevaa kaptura, wamepanga mstari kushoto kwa barabara kama walivyofunzwa. Lori likaanza kuegemea. Polepole. Kama linavutwa kwa kamba.

Safari hii nilisema. Sikusema "Baba." Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo, nikashika usukani nikausukuma upande wake, nao ulikuwa unateleza kwa jasho lake. Tulivuka barabara nzima tukaingia mtaroni upande wa pili, na kama kungekuwa na gari linakuja nisingeandika haya. Mtoto mmoja wa mwisho kwenye mstari alikuwa amekaa chini, ameshika goti. Hakuguswa, alijikwaa tu kwa woga. Mwalimu wao alikuja mbio. Alipomtambua Baba sauti yake ikashuka.

"Ni Mzee Kipkirui? Pole, Mzee. Barabara imekuwa mbaya na hizi mvua."

Barabara ilikuwa kavu.

Baba akafungua mlango, akatapika kwenye ngazi ya lori, maziwa ya asubuhi na chang'aa, mabonge meupe yanayonuka spiriti. Mwalimu akageuza macho kwa heshima. Watoto wakatazama. Kisha Baba akafuta mdomo na mkono wake, akauliza kama mwalimu ana maji. Mwalimu akamletea maji kwa mikono miwili.

Mimi ndiye niliyeosha ngazi. Nilipoinama niliiona ile taa ya kushoto karibu na uso wangu, safi, mpya, kioo chake kinang'aa kuliko cha mwenzake. Miezi mitano na hakuna mtu aliyejiuliza kwa nini lori lina jicho moja kuukuu na jicho moja jipya.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema naumwa tumbo, na si uongo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda kambini. Nimemwambia Mama naenda kumwona Faith.

Mama Tryphosa ana hema karibu na mahali pa kuchotea maji. Ardhi yote ni tope, wameweka mawe ya kukanyagia. Baiskeli ya Murunga imelala nyuma ya hema. Gurudumu la nyuma limekunjwa. Aliniona nikiitazama.

"Hiyo watu wananiambia niuze chuma," alisema. "Wewe ni msichana wa Mzee Kipkirui. Uliniletea vyombo wakati wa msiba. Kaa."

Nilikaa kwenye ndoo. Alinipa chai ya rangi.

"Jambo linalonisumbua ni hili," alisema. "Wale vijana nawajua wote. Nimewatibu minyoo, nimewapa maziwa wakiwa wadogo hivi. Serikali inaniambia nirudi Pioneer. Nitarudi nimsalimie nani? Kila kijana nikimwona nauliza moyoni, ni wewe ulimshika miguu? Ama wewe ndiye ulipiga? Hata wadogo. Hata mtoto wa miaka kumi na mbili."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Kisha nikauliza kama ana sukari ya kutosha.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Nimewadharau wengi mwaka huu, mwalimu na maji yake, Omar na rafu yake, wanaume na makofi yao. Leo nimeongeza jina langu kwenye orodha na nimeliweka la kwanza.

Alhamisi, 3 Julai

Kesi ya Kiprotich itatajwa Jumatatu tarehe ishirini na moja. Mama yake ameambiwa huenda akafungwa maisha.

Tulikuwa jikoni, Mama anasugua kibuyu. Nilimwambia alichokuwa akitia Baba humo. Sikumwambia zaidi ya hapo. Aliendelea kusugua.

"Najua," alisema. "Nimesikia harufu tangu mwezi wa nne."

"Na bado unampa?"

"Nikimpa mimi, najua amekula kitu. Jepkemboi, mwanamume wa watu huwezi kumfunga kamba kama ndama. Na maziwa yanasaidia. Asingekuwa barabarani miaka yote hii bila ajali kama hayasaidii."

Bila ajali. Nilimtazama nijue kama anajua. Alikuwa anatazama ndani ya kibuyu.

Jumanne, 8 Julai

Mvua ya mawe. Mahindi yamechanika majani.

Ijumaa, 18 Julai

Baba alinikuta uani nikianika nguo. Alikuwa hajanywa bado, ilikuwa asubuhi, na asubuhi uso wake ni ule wa zamani, wa mtu aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kuangalia mbio za nyika.

"Kesho kutwa kamati inataka lori," alisema. "Tunarudisha familia tisa kutoka kambini. Watu na vyombo. Utakuja kushika watoto kama ile siku."

"Utakunywa?"

Hajawahi kusikia swali kama hilo kutoka kwangu. Alicheka kidogo.

"Nitakunywa maziwa kwanza."

Nilikuwa na shuka lenye maji mikononi. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima, nimeifanyia mazoezi usiku kama mdahalo wa shule. Yote ilipotea. Nilisema maneno matatu tu.

"Taa ya kushoto."

 Kuku walipita kati yetu.

"Ulikuwa umelala," alisema.

"Sikuwa nimelala, Baba."

"Watu kumi na wanne wanakula ugali leo kwa sababu yangu. Hilo umeliandika kwenye hicho kitabu ninachokuona ukiandika?"

"Nimeliandika."

"Matawi yalinizuia kuona. Walinijazia matawi mbele, kila kizuizi tawi. Uliona mwenyewe."

"Niliona. Na kibuyu nilikupa mimi."

Nilitegemea anipige. Badala yake alianza kutafuta peremende kwenye mfuko wa shati, akakosa, akatafuta kwenye mfuko mwingine, vidole vinatetemeka, na ilikuwa saa tatu asubuhi. Nilimwona jinsi alivyo. Nilidhani kinyaa kitaniisha nikimhurumia. Hakikuisha. Vilikaa pamoja.

"Kiprotich ni mwizi," alisema akiwa anaondoka. "Hata akikaa ndani hakuna kilichoharibika."

Ni sentensi hiyo iliyonivusha. Si Murunga, Mungu anisamehe, si wale watoto wa riadha. Ni hiyo.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda kituo cha polisi. Niliingia saa nne. Nilikaa kwenye benchi hadi saa sita kwa sababu kila nilipoitwa nilimwambia mwingine apite.

Afisa anaitwa Ogola. Ni mnene na anapenda mzaha. Alidhani nimekuja kuripoti kitambulisho kilichopotea.

"Binti, wewe unaogopa nini? Hapa hatuumi watu siku ya Jumamosi."

Nikamwambia nataka kuandika, sitaki kusema. Akanipa karatasi mbili za mistari. Nikaandika kama mtihani: tarehe, saa, barabara, lori, chang'aa, maziwa, taa, Omar, na safari ya Jumapili. Alisoma akiwa bado anatabasamu, kisha tabasamu likaisha. Alisoma mara ya pili na kalamu.

"Hapa kuhusu maziwa," alisema. "Unasema alikunywa maziwa ili aendeshe vizuri."

"Ndiyo."

Alikuna shavu. "Hata mimi mama yangu huniambia ninywe uji." Akaweka kalamu chini. "Wewe unajua unamfanyia mzee wako nini?"

"Najua."

"Na Jumapili ana lori la watu?"

"Familia tisa."

Akasimama akavaa kofia.

Jumatatu, 21 Julai

Walimchukua Jumamosi ile ile jioni, kutoka kwa yule mama wa chang'aa, ufunguo wa lori ukiwa mkononi. Familia tisa zilirudishwa jana kwa gari lingine. Omar ameandikisha taarifa. Leo mchana polisi wameikagua baiskeli, na rangi ya buluu ya bampa letu ipo kwenye chuma kilichokunjwa, ilikuwepo miezi yote. Hakuna aliyewahi kuinama kuitazama.

Lakini asubuhi nilimtangulia afisa nikaenda kwa Mama Tryphosa mwenyewe, kwa sababu niliona si haki alisikie kwa mtu mwenye kofia. Nilimwambia nimesimama. Hakulia. Alikaa kwenye ile ndoo, akaniuliza swali moja moja, polepole, kama anayefungua fundo.

"Si vijana?"

"Si vijana, Mama."

"Hakuna aliyemshika miguu?"

"Hakuna."

"Pombe tu."

"Pombe tu."

"Mume wangu amekufa kwa sababu mtu alikuwa anataka kulewa mchana." Alilisema kwa mshangao, karibu kwa aibu, kana kwamba angependa iwe sababu kubwa zaidi. "Miezi saba nimechukia mtaa mzima." Kisha akanitazama, na sauti yake ikabadilika. "Aliteseka? Alikaa pale muda?"

"Hapana, Mama. Alienda papo hapo. Hakujua."

Alifumba macho akatikisa kichwa juu na chini mara nyingi. Alinishika mkono. Mimi, mkono wangu ule uliopangusa mdomo wa kibuyu.

Jumamosi, 26 Julai

Jua leo. Mahindi yanachanua Soy, sijui nani atayavuna.

Kiprotich atatoka wiki ijayo, afisa anasema. Mama yake alipita langoni kwetu, akasimama, hakuingia, akaendelea. Wanaume wa kamati hawaniamkii. Mmoja aliniambia sokoni, "Ungemwambia mzee wako aache pombe tu, ingetosha." Mama hasemi nami bado. Jana aliosha kile kibuyu kwa maji ya moto, akakigeuza mdomo chini kwenye ukuta wa nje, na huko kimebaki. Leo nimeona mchwa wameanza kukizunguka.

Nimebakisha jambo moja.

Siku ile kituoni Afisa Ogola aliniuliza kama marehemu alisema lolote. Nilijibu hapana, na ni kweli, hakusema. Hakuniuliza kuhusu mkono, nami sikuuandika. Sasa kesi ya Baba itasomwa mbele ya watu, na Mama Tryphosa atakaa kiti cha mbele, amevaa kitambaa chake cheusi, akiamini kwamba mume wake hakujua.

Nilitaka kuuchana ukurasa wa kwanza wa daftari hili. Nimeshindwa. Ni hapo tu ambapo mkono wake bado umeinuliwa, na mtu mmoja angalau ameuona.

Wewe uliyeanza mwanzo umeuona pia. Tuko wawili, na Baba ni wa tatu. Ukikutana na mwanamke Pioneer anayesukuma baiskeli yenye gurudumu jipya la nyuma na mitungi miwili ya maziwa, nunua maziwa yake. Msalimie. Usimwambie.